Klachi Inasumbua? Usishushe Giaboksi Bado

Hiace moja ya abiria ililetwa kwangu asubuhi ya mvua hapa Busia, kila gia ikiingia inalia kama mtu anasaga mawe. Dereva alikuwa ameshaambiwa kwingine anunue seti nzima ya klachi. Nami, ujana ukanidanganya, nikachukua spana nikaingia chini. Nilikuwa nimeshafungua bolti mbili za propela pale mzee aliyenifundisha kazi alipopita, akafungua mlango wa dereva, akaingiza mkono chini ya pedeli na kuvuta. Ikatoka kapeti ya mpira. Chini yake nyingine. Chini ya hiyo kipande cha gunia. Dereva alikuwa ametandika moja juu ya nyingine kwa sababu ya matope, na pedeli ilikuwa inakwama vidole viwili kabla ya kufika mwisho. Mzee hakusema neno, akaenda zake kunywa chai. Nikarudisha zile bolti mbili nikiwa na aibu.

Tangu siku hiyo nina utaratibu ambao siuvunji hata mteja akiwa na haraka: naanza na pedeli, halafu mafuta ya klachi, halafu masta (silinda ya juu inayosukuma mafuta ukikanyaga), bomba na silinda ya chini inayoyapokea. Giaboksi ni ya mwisho. Kuishusha ni kazi ya nusu siku au zaidi, na ukishaishusha mwenye gari atalipa tu, hata kama ubovu ulikuwa raba ya silinda inayouzwa bei ya sahani chache za chakula.

Klachi ina kazi mbili tu, kushika na kuachia. Pleti, ile sahani yenye kitambaa cha kushikia, imebanwa kati ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) na presha pleti (kifuniko chenye springi). Mguu ukiwa nje ya pedeli, inabanwa na kuzunguka pamoja na injini. Ukikanyaga, beringi inasukuma vidole vya presha pleti, pleti inakuwa huru, unabadilisha gia. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: klachi hii haishiki au haiachii? Watu wengi wanakuja na neno moja, "klachi imeisha," na kumbe klachi iliyoisha mara nyingi haishiki, ilhali gari lenyewe linalia gia, yaani haliachii. Hayo ni maradhi mawili tofauti.

Gia zinalia au hazitaki kuingia

Zima injini kwanza, kisha pitisha gia zote. Zikiingia laini, mti wa gia na waya zake havina kosa kubwa. Sasa washa. Hendibreki juu, injini ingurume bila kukanyaga mafuta, kanyaga klachi hadi chini kabisa, hesabu polepole moja hadi kumi, kisha weka rivasi. Ikiingia kimya, klachi inaachia. Ikikwaruza, pleti bado inazungushwa na injini wakati ilitakiwa iwe imesimama.

Kwa nini rivasi? Kwa sababu katika magari mengi rivasi haina sinkro, yaani ringi inayosawazisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Gia za mbele zina sinkro, na sinkro hufichaficha ubovu wa klachi kwa muda mrefu, hadi nazo ziishe. Na ikiwa gia moja tu ndiyo inalia, tuseme ya tatu, tena gari likiwa mwendoni, huku rivasi inaingia bila kelele, achana na klachi. Hiyo ni sinkro ya gia ya tatu, ni habari ya giaboksi yenyewe.

Umeshajua kwamba haiachii. Toa kapeti (ndiyo, mimi bado natoa). Kanyaga kwa mkono wako, usikie. Pedeli inayoshuka laini kama mkate uliolowa ina upepo ndani ya mafuta. Ipampu mara tano, sita, haraka haraka, kisha ujaribu rivasi tena. Kama sasa inaingia vizuri, pleti haina kosa, tatizo liko kwenye mafuta au raba. Kisha ikanyage na uishikilie chini kwa nusu dakika, gia ya kwanza ikiwa ndani na mguu wa kulia kwenye breki. Gari likianza kutaka kwenda lenyewe, mafuta yanapita pembeni ya raba ndani ya masta. Nje hutaona tone, lakini ndani presha inapotea.

Angalia kikopo cha mafuta. Yakiwa chini ya alama, yameenda mahali fulani; mfumo wa klachi haunywi mafuta kama injini. Pitisha kidole juu ya pedeli, pale fimbo inapoingia ukutani. Ukikuta unyevu, masta inavuja, na mara nyingi rangi ya hapo chini imeanza kubabuka kwa sababu mafuta ya klachi, ambayo ni yale yale ya breki, hula rangi. Halafu nenda chini kwenye silinda iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi. Ina mfuko mdogo wa mpira. Ufunue kidogo tu kwa bisibisi. Mfuko ukidondosha mafuta, umeshapata mgonjwa wako na hujagusa bolti hata moja ya giaboksi.

Kuna magari mapya ambayo silinda hiyo imo ndani ya giaboksi, imezunguka shafti. Hapo huna ujanja, ikivuja lazima giaboksi ishuke. Dalili yake ni mafuta mepesi yasiyo na weusi wa oili yanayotoka chini, pale injini na giaboksi zinapokutana.

Jaribio lingine ninalolipenda: mtu mmoja akanyage pedeli, wewe utazame ile foko inayosukumwa na silinda. Gari lizimwe, magurudumu yawekewe mawe, na kamwe usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Foko ikisogea kidogo tu, chini ya upana wa kidole, hesabu ubovu uko juu yake: masta, bomba au upepo. Foko ikisogea safari yake nzima na bado gia zinalia, sasa una haki ya kuanza kufikiria yaliyo ndani.

Kuhusu mafuta yenyewe nataka kukaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapojiharibia. Kikopo kinataka mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema. Kuna dereva alipungukiwa njiani kuelekea Tororo, akamimina oili ya injini, kwani "mafuta ni mafuta." Nilipofungua masta, raba zilikuwa zimevimba kama maandazi. Oili ya madini inavimbisha mpira ule, na hakuna kusafisha kunakoirudisha. Tulibadilisha raba za juu, za chini, na bomba la mpira pia. Ukiishiwa njiani, afadhali upampu pedeli hadi mji ufuatao kuliko kumimina kitu kingine.

Na mafuta ya breki huvuta maji kutoka hewani. DOT 3 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishashiba maji inaweza kuchemka kwenye 140. Gari likikaa kwenye foleni ya Nakawa saa saba mchana, bomba la klachi limepita karibu na ekzosi, klachi inakanyagwa kila baada ya mita tatu, mafuta ya zamani yanatoa mvuke na pedeli inalegea. Jioni gari limepoa, kila kitu kiko sawa, na fundi anaambiwa "haina shida sasa." Mgonjwa wa namna hii mbadilishie mafuta yote kwanza. Kama hali inarudi, shika lile bomba fupi la mpira wakati mwenzako anakanyaga: bomba lililochoka huvimba mkononi mwako kama shingo ya chura.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili. Wa juu anakanyaga taratibu na kushikilia chini. Wa chini ana spana, mara nyingi namba 10 au 8, na mpira mwembamba unaoonyesha ndani, umechomekwa kwenye kiskurubu cha kutolea upepo na ncha yake imezama kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Fungua robo ya mzunguko, mapovu yatoke, funga, ndipo wa juu aachie. Akiachia kabla hujafunga, silinda inavuta hewa na mmeanza upya. Kikopo kisikauke hata mara moja. Mafuta yakitoka meusi yenye vijiti vijiti, hizo ni raba zinazoliwa. Kutoa upepo kutakupa wiki mbili za amani, basi.

Gari la klachi ya waya, kama Suzuki ndogo nyingi, halina haya yote. Hapo tazama waya umelegea, umeanza kukatika nyuzi mwishoni, au ganda lake limeota kutu. Pedeli ikianguka ghafla na kubaki chini, waya umekatika, na utauona.

Kisa kimoja cha msimu wa mvua: gari limekaa uani miezi miwili mitatu, linawashwa, gia haziingii kabisa, na mafuta yote yako sawa. Pleti imeshikana na flaiwili kwa kutu. Kabla ya kushusha kitu, pasha injini moto, tafuta uwanja mpana usio na watu, zima, weka gia ya pili, kanyaga klachi hadi mwisho, washa. Gari litaondoka lenyewe kwa kuruka. Ukiwa bado umekanyaga klachi, bonyeza mafuta na uachie, kisha gusa breki. Mara nyingi pleti hubanduka kwa kishindo. Isipobanduka baada ya kujaribu mara chache, acha, usije ukavunja kitu kingine.

Injini inapaa, gari linabaki

Hii ndiyo klachi isiyoshika. Kwenye tambarare unaweza usijue. Unaijua ukiwa umepakia na unapanda kwenda Kapchorwa: mlio wa injini unapanda, mshale wa spidi umelala. Kulipima, chagua barabara tupu, nenda kilomita 50 kwa saa ukiwa gia ya nne, kisha kanyaga mafuta kwa ghafla. Mizunguko ya injini ikiruka kabla gari halijaongeza mwendo, klachi inateleza. Wengine hupima gari likiwa limesimama: hendibreki imebana, gia ya tatu, unaachia klachi polepole. Injini inatakiwa kuzimika. Ikiendelea kunguruma, pleti haishiki. Fanya mara moja tu. Ukirudia rudia, ile pleti unayoipima ndiyo unayoichoma.

Hata hapa usikimbilie giaboksi. Kanyaga pedeli kwa kidole. Inatakiwa iwe na uhuru kidogo kabla ya kuanza kusukuma kitu, kwa magari mengi kama sentimita moja hivi, na kitabu cha gari ndicho hakimu. Kama haina uhuru wowote, klachi imekanyagwa nusu muda wote, hata ukiwa umelala nyumbani. Rekebisha waya au fimbo ya masta, ujaribu tena.

Kuna pia tundu dogo ndani ya masta ambalo mafuta hurudia kwenye kikopo. Likiziba, presha inabaki ndani ya bomba ingawa mguu umetoka. Wakati klachi inateleza, fungua kile kiskurubu cha chini. Mafuta yakiruka kwa nguvu na klachi ikashika papo hapo, mwenye kosa ni masta. Nimeona pleti nzuri zikitupwa kwa sababu hakuna aliyefanya jaribio hili la dakika moja.

Harufu nayo ina maneno yake. Klachi iliyoungua inanuka kama kucha zilizotupwa motoni. Lakini gari lililotoka kunasuliwa kwenye matope ya Bududa litanuka hata kama lina klachi nzima. Liache lipoe nusu saa, lipime tena. Likishika, endelea na safari zako na uliendeshe kwa adabu siku chache.

Yasipokuwa hayo, basi pleti imeisha au imelowa oili. Kwenye klachi ya waya, pleti inapoisha unaona klachi inashika juu zaidi, karibu na mwisho wa pedeli kupanda. Kwenye klachi ya mafuta, silinda hujirekebisha yenyewe, kwa hiyo pedeli inaweza kukudanganya hadi siku ya mwisho; usiitegemee. Wanaoziua mapema ni wale wanaolalia klachi: mguu unapumzika juu ya pedeli kutoka Jinja hadi Kampala, au gari linashikiliwa kwenye mlima kwa klachi badala ya breki. Ukiwa kwenye foleni ya kupanda, weka nyutro, vuta hendibreki.

Gari linatetemeka likiondoka

Unaachia klachi, gari linaruka ruka kama mbuzi aliyefungwa kamba, kisha likishachukua mwendo linatulia. Watu husema pleti. Mimi hufungua boneti kwanza. Mtu akae ndani, hendibreki juu, gia ya kwanza, aachie klachi hadi pale inapoanza tu kugusa. Wewe simama pembeni, si mbele ya gari, uangalie injini. Ikiruka upande mmoja kama inataka kutoka, mpira wa kushikilia injini umekatika, na huo unabadilishwa kwa juu juu.

Injini ikiwa imetulia na gari linatetemeka, huenda pleti imelowa oili, flaiwili imepata madoa ya bluu ya kuungua, au springi za katikati ya pleti zimevunjika. Yote matatu yanataka giaboksi ishuke.

Kelele

Hapa sikio linafanya kazi kuliko spana. Gari limesimama, nyutro, mguu nje ya pedeli. Ukisikia mvumo unaopotea ukikanyaga klachi, hiyo ni beringi ya shafti ya kuingilia giaboksi, maana ukikanyaga shafti inasimama. Klachi haihusiki. Kinyume chake, kimya mguu ukiwa nje, halafu mlio kama wa panya unaanza mara tu unapogusa pedeli: beringi ya klachi. Ikilia kidogo asubuhi na kunyamaza, inaweza kuvumilia. Ikilia kwa kukwaruza, usisafiri nayo mbali, kwani ikivunjika inakula vidole vya presha pleti.

Mlio unaotokea klachi ikiwa imekanyagwa hadi chini, gia iko ndani na gari limesimama, unaweza kuwa wa beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili. Wengi huisahau kwa sababu ni ndogo na imejificha.

Pedeli ngumu: kama ni ya waya, waya ni mkavu au umepinda. Kama ni ya mafuta, angalia foko na pale inapoegemea. Hapo hukosa grisi hadi chuma kinaliwa. Presha pleti iliyochoka pia hufanya pedeli kuwa nzito.

Giaboksi ikishashuka

Umefika hapa kwa haki, basi usifanye nusu kazi. Pima kina cha ribiti (misumari inayoshikilia kitambaa cha pleti) kutoka uso wa pleti. Toyota nyingi zinataka kisiwe chini ya milimita 0.3, kwani chuma cha ribiti kikishagusa flaiwili, kinachimba mitaro. Ukikuta mafuta, usibadilishe pleti tu na kufunga, utarudi hapa baada ya mwezi. Nusa. Oili ya giaboksi ina harufu kali ya kuudhi, ya injini ni nyeusi na haina ukali huo. Ya kwanza inatoka kwenye oili sili ya shafti ya giaboksi, ya pili kwenye oili sili ya nyuma ya krenkishafti. Badilisha iliyovuja.

Flaiwili yenye mitaro au madoa ya bluu ipeleke kwa mtu wa leiti, mashine ya kuchonga chuma, aisawazishe. Isipokuwa zile za vipande viwili zenye springi ndani, za dizeli za kisasa. Hizo kwa kawaida hazichongwi, zinabadilishwa.

Pleti ina upande wa flaiwili na upande wa giaboksi, na mara nyingi imeandikwa. Ukiigeuza, utafunga kila kitu, utawasha, na klachi haitaachia hata kidogo. Presha pleti mpya huja imepakwa mafuta ya kuzuia kutu, yafute kwa spiriti. Grisi kwenye meno ya shafti iwe ya kupaka tu, kwani ikizidi inarushwa kwenye pleti. Bolti za presha pleti zikaze kwa kukingama, kidogo kidogo. Na wakati wa kurudisha, usiiache giaboksi ining'inie kwa shafti yake ndani ya pleti huku unatafuta bolti. Uzito ule unapinda pleti mpya, na utaanza kusikia gia zinalia siku ya kwanza.

Kama wewe ndiye mwenye gari na umeagiza spea kutoka Kiseka, soko la spea la Kampala, omba uoneshwe za zamani kabla hazijatupwa. Izungushe beringi sikioni, ipime pleti kwa macho. Pleti yenye milimita mbili za kitambaa juu ya ribiti haikuwa na sababu ya kutoka, isipokuwa imelowa oili, imeungua au springi zake zimekatika, na fundi anatakiwa akuoneshe ni lipi kati ya hayo.